Sifa kwa Wapangaji wa Muziki

"At Last", wimbo wa filamu ya Orchestra Wives ya mwaka 1942, ni wimbo wa mtu aliyekaa na upweke siku nyingi, hatimaye akampata ampendaye. Wengi wetu tunaujua kwa sauti ya Etta James, aliyeurekodi mwaka 1960. Januari 2009 Beyoncé aliuimba huku Barack Obama na mkewe wakicheza dansi, usiku wa siku aliyoapishwa kuwa rais. Waimbaji hao wamekwisha kusifiwa, tena kwa haki. Mimi nawasifu wapangaji wa muziki, watu wanaokaa na kalamu na karatasi wakiamua ala ipi iseme na ipi inyamaze.

Tuni ilitungwa na Harry Warren, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia huko Brooklyn. Maneno ni ya Mack Gordon. Waliuandika kwa ajili ya filamu iliyotangulia, Sun Valley Serenade ya 1941, lakini humo uimbaji ukakatwa, ikabaki tuni ikipigwa kwa ala tu. Mwaka uliofuata ukapewa nafasi yake, na kazi ya kuupanga ikawa ya Jerry Gray na Bill Finegan wa bendi ya Glenn Miller.

Bendi hiyo ilikuwa na sauti ambayo hukosei kuitambua. Bendi nyingi ziliiachia saksafoni ya alto iongoze kundi la saksafoni. Miller aliweka klarineti juu, saksafoni ya tenori ikaifuata kwa noti zilezile oktavu moja chini, na saksafoni nyingine zikajaza katikati. Ni wapulizaji watano, lakini sikio linapokea pumzi moja, laini, yenye huzuni kidogo hata pale wimbo unapofurahi. Kwa wimbo wa mapenzi, sijui mpangilio unaoushinda huu.

Sasa sikiliza santuri yenyewe. Santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kwa upande mmoja, na katika dakika hizo chache bendi inatangulia kuipiga tuni, mwimbaji Ray Eberle akingoja. Huo ulikuwa utaratibu wa bendi nyingi za enzi hiyo, nakubali. Lakini hapa utaratibu umegeuka maana. Maneno yanamsifu mtu aliyesubiri, na wapangaji wanatusubirisha nasi. Tuni tumekwisha kuipenda kabla hatujaambiwa inahusu nini. Eberle anapofungua kinywa haongezi madoido. Hayahitajiki, kwa sababu njia imekwisha kusafishwa.

Ndani ya Orchestra Wives nako wasioonekana ni wengi. Mwigizaji Lynn Bari, anayeonekana akiuimba wimbo, anachezesha midomo tu. Sauti nzuri tunayoisikia ni ya mwimbaji Pat Friday, aliyefanya kazi hiyohiyo katika Sun Valley Serenade. Waigizaji wameshika ala, lakini wanaozipiga kwa kweli ni wanamuziki wa Miller.

Enzi yenyewe ya bendi hizo ilikuwa inakatika. Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kilianza mgomo wa kurekodi. Septemba, mwezi ambao filamu ilitoka, Miller aliivunja bendi yake ajiunge na jeshi. Tarehe 15 Desemba 1944 ndege aliyopanda kutoka Uingereza kwenda Ufaransa ilipotea, naye hakuonekana tena.

Kazi ya Gray na Finegan haikupotea; bado inasikika katika santuri ile. Toleo la Etta James, lenye vinanda vingi vya nyuzi, nalo lilikuwa na mpangaji wake, Riley Hampton, na ni wachache wanaolijua jina hilo. Ninyi watangazaji wa redio mnaopiga nyimbo za zamani, mkimaliza kumtaja mwimbaji na mtunzi, mtajeni na mpangaji.