Miss Taylor na Bwana Knightley

Msomaji wa Kiswahili afunguapo riwaya ya Jane Austen iitwayo Emma, iliyotoka London Desemba 1815, hukuta vijineno vya heshima karibu katika kila ukurasa: Mr, Mrs, Miss. Aghalabu huvipita mbio, akidhani ni adabu tu ya Waingereza. Naona hapo ndipo anapoanza kuikosa riwaya yenyewe.

Tazama mwanzo wake. Miss Taylor, aliyemlea na kumfundisha Emma tangu utoto, ameolewa siku iyo hiyo na Mr Weston. Kwa desturi ya kwao ameacha mambo mawili kwa mara moja, jina la baba yake na jina la uanamwali. Sasa ni Mrs Weston. Mzee Woodhouse, baba yake Emma, hakubali. Huendelea kumtaja kwa jina la zamani na kumwita maskini, ingawa bibi mwenyewe amehamia nusu maili tu kutoka kwao, tena kwa mume mwema. Kicheko kimo katika neno moja ambalo mzee hataki kulibadili, na chini ya kicheko mna hofu ya mtu aonaye kila ndoa kuwa msiba wa kuondokewa.

Mfasiri afanyeje? Wako waandikao Bi kwa Miss na Bibi kwa Mrs. Mpango huo ni mwepesi, lakini hauna asili katika lugha. Bi ni Bibi aliyefupishwa. Watu wa Unguja walipomwita mwimbaji wao Bi Kidude hawakuwa wakitoa habari za ndoa yake. Wala Waingereza hawakuwa hivyo siku zote. Katika mchezo wa Shakespeare juu ya wake wa Windsor, uliopigwa chapa 1602, wake za watu huitwa Mistress, na Anne Page, ambaye hajaolewa, naye ni Mistress. Mrs na Miss ni matawi ya shina hilo, yaliyoachana baadaye. Mwaka 1901 gazeti moja la Springfield, Massachusetts, lilichapisha pendekezo la Ms, litoshe kwa aliyeolewa na asiyeolewa. New York Times halikulikubali mpaka 1986. Basi agawaye wanawake kwa Bi na Bibi anaazima ukuta ambao wenyewe wameanza kuubomoa.

Mimi ningejaribu "binti Taylor". Lakini hapo pana mtego: kwa desturi ya Pwani mwanamke aolewapo haachi kuwa binti wa baba yake, na Siti binti Saad alikuwa binti Saad hata mwisho. Kwetu Mzee Woodhouse angekuwa na haki! Mfasiri hana budi kumfanya msomaji asikie kwamba huko jina limekwisha kubadilika, ama sivyo mzee ataonekana mwenye akili kuliko wote.

Jambo zito zaidi ni Mr Knightley. Mrs Elton, mgeni wa juzi, anamwita Knightley bila ya Mr, na Emma anawaka hasira. Kwa kijineno hicho kilichoachwa tunamjua Mrs Elton kuliko kwa maneno yake yote juu ya mali ya shemeji yake. Emma mwenyewe amemjua bwana huyu maisha yake yote, na dada yake ameolewa na ndugu yake, lakini hamwondolei Mr. Hata walipokwisha kuposana, naye akamwomba amwite vingine, Emma hukumbuka kuwa aliwahi kumwita George mara moja utotoni, ili kumchokoza. Sasa anaahidi kulitamka jina hilo mara moja tu, kanisani, siku ya ndoa.

Msomaji wetu atashangazwa na ombi la mwanamume kuliko na kukataa kwa mwanamke. Katika nyumba nyingi za kwetu jina la mume ndilo liachwalo, naye huitwa baba fulani, au bwana. Hapa Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza cha Austen hakina: bwana ni Mr, na bwana ni mume pia. Mfasiri akiandika Bwana Knightley tangu mlango wa kwanza, Emma atakuwa akimwita mumewe miezi mingi kabla ya kujua kwamba anampenda. Wengine watasema hiyo ni siri iliyotoka mapema. Mimi ningeiacha itoke.