Kijito Bila Wekundu: Rangi na Kijivu katika Picha za Majira ya Kupukutika

Mpiga picha anayeingia katika misitu ya New Hampshire, Marekani, mwezi wa Oktoba akiwa na filamu ya nyeusi na nyeupe huonekana kama mtu aliyealikwa karamuni naye amefunga saumu. Makala haya yanashikilia kwamba saumu hiyo ndiyo inayompa kazi ya kisanaa.

Tarehe 4 Oktoba 1953, Eliot Porter alipiga picha ya rangi ya kidimbwi katika kijito cha Pond Brook, jimboni humo. Majani yaliyopukutika yametapakaa majini, na kila jani hujitenga na jingine kwa rangi yake. Tuseme filamu ingekuwa ya nyeusi na nyeupe: jani jekundu na jani la kijani yangeweza kuangukia kijivu kimoja, mtazamaji asijue lipi limekufa na lipi lingali hai. Hapo ndipo msanii hulazimika kuamua. Kichujio chekundu mbele ya lenzi hulifanya jani jekundu ling'ae na la kijani lififie. Kichujio cha kijani hufanya kinyume. Rangi huipokea tofauti hiyo tayari. Kijivu huidai kutoka kwa mpiga picha, kama vile lugha pokezi inavyomdai mfasiri.

Ansel Adams aliikidhi dai hiyo mwaka 1958 kaskazini mwa New Mexico, alipopiga picha zake mbili mashuhuri za miti ya aspeni. Alikuwa kivulini mwa milima, upepo umetulia. Majani ya manjano yanakaribia weupe mbele ya giza la msitu, wala hakuna anayeuliza manjano imekwenda wapi.

Maji ni suala gumu zaidi. Msituni mwanga ni hafifu, hivyo kamera huachwa wazi kwa sekunde kadhaa, na kwa kuwa wepesi wa filamu hupungua kadiri muda unavyorefuka, aghalabu huongezwa nyingine. Maporomoko hugeuka utepe mweupe laini. Tashbihi hii ya maji na maziwa imechakaa, na wengi huitumia kuficha ukosefu wa wazo. Lenye thamani ni jani: lililonata juu ya jiwe hubaki wazi hadi mishipa yake, ilhali linalozungushwa na mkondo huacha duara la ukungu. Muda umeandikwa hapo, bila msaada wa wekundu wowote.

Mhakiki anayezieleza picha hizi kwa Kiswahili ana tatizo la ziada. Sifa za rangi zinazochukua upatanisho wa ngeli ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Kijani chenyewe kimezaliwa na jani. Tena kamusi kadhaa huyaita majira haya vuli. Lakini manukuu yakisema “kijito wakati wa vuli”, msomaji wa Mombasa ataona mvua, na majani yanayochipua.