Uji Usiomwagika Kijikoni

Unga wa mtoto hauchanganywi na unga wa nyumba. Mjini Kindu, jimbo la Maniema nchini Kongo, katika nyumba za Kasuku na Mikelenge, na ng'ambo ya mto Lualaba kule Alunguli, mama anayeijua kazi hii huuweka katika kopo lake lenye kifuniko, mbali na gunia la muhogo utakaosongwa bukari, yaani ugali, jioni. Sina neno baya juu ya muhogo. Bukari laini kwa sombe, yale majani ya muhogo, iliyoungwa na mawese ni chakula cha kumsahaulisha mtu safari ndefu ya mtumbwi. Lakini gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu 1 au 2 tu, na mtoto wa miezi 6 hana nafasi tumboni ya kuwekea kitu kisichomjenga. Kwa hiyo ndani ya lile kopo mna mahindi au mchele, mna karanga, na soya ikipatikana sokoni.

Mchele wenyewe ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Uliingia Nyangwe na Kasongo, humu humu Maniema, katika karne ya 19 pamoja na misafara ya waungwana wa akina Tippu Tip, kwa njia ile ile iliyoleta Kiswahili. Misafara ilibeba bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Mpunga ukabaki, na leo Maniema inajulikana kwa mpunga wake, na ukisagwa unatoa uji mweupe usio na makapi ambao mtoto anayeanza kula haukatai.

Kazi yenyewe huanzia kwenye ungo. Karanga humwagwa, hupepetwa, kisha huchambuliwa moja moja. Iliyosinyaa inatupwa. Yenye doa la ukungu inatupwa. Ile iliyobadilika rangi upande mmoja tu, ambayo mtu mzima angeitia mdomoni bila kuitazama, nayo inatupwa. Mwaka 1960 maelfu ya bata mzinga walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga zilizoota ukungu, na kutokana na vifo hivyo wataalamu wakaitambua sumu waliyoiita aflatoksini. Moto wa jikoni hauimalizi. Kinachomkinga mtoto ni jicho na kidole juu ya ungo, tena jicho lisilosikitikia hasara, kwa kuwa karanga zimenunuliwa kwa pesa na kila inayotupwa inauma.

Soya nayo haipendi haraka. Ikiwa mbichi ina vitu vinavyolizuia tumbo kuisaga protini yake, hivyo huchemshwa au hukaangwa taratibu juu ya mbabula, jiko la makaa, mpaka ganda lipasuke na ile harufu ya maharage mabichi iishe kabisa. Mpishi mzuri hatazami saa. Anaweka punje mdomoni, anaitafuna, anatikisa kichwa, anarudisha kikaango motoni. Upande wa Kivu wanao mchanganyiko wa mahindi, soya na mtama wanaouita masoso, na umesifiwa sana. Mimi naona sifa ziende kwanza kwa aliyekaanga.

Wakati wa kuanza una hesabu yake. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 2001 uliweka miezi 6 ya maziwa ya mama peke yake, na mwili wa mtoto unakubaliana na umri huo: akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa inaelekea ukingoni, shingo imekaza, anakaa kwa kuegemezwa, na ulimi uliokuwa ukisukuma nje kila kigusacho mdomo umeanza kuacha tabia hiyo. Maziwa hayaondoki. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Kindu, wapo wanaokumbuka kwamba aya ya 233 ya Al-Baqara inataja miaka 2 kamili ya kunyonyesha, na kwenye kituo cha afya nao watasema miaka 2 au zaidi. Uji unakuja kuongezea.

Sasa moto umeshika, sufuria imewekwa, na hapa ndipo napenda kukaa na kutazama, maana ustadi wote umo katika jambo moja: uzito wa uji.

Tufanye hesabu. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka katika chakula. Tumbo lake hupokea mililita 200 hivi kwa mlo, yaani kikombe cha chai, na mwanzoni hali zaidi ya milo 2 au 3. Ukitia gramu 50 za unga katika lita 1 ya maji unapata uji wa kunywa, mlaini, wenye kilokalori 180 kwa lita nzima. Mtoto atashiba maji, atalala, ataamka na njaa. Ukitia gramu 200, mililita 300 tu zinamfikisha. Ndiyo maana ile chupa ya kunyonya iliyokatwa tundu ili uji upite inanikera kuliko kosa jingine lolote la malezi. Kinachoweza kupita kwenye tundu lile hakiwezi kumlisha mtu, na chupa yenyewe haisafishiki.

Mama stadi hapimi gramu. Anachota kijiko, anakiinamisha. Uji ukimwagika kama mchuzi, bado. Ukishikilia kijikoni, kisha ukateleza polepole kama usiotaka kuondoka, umefika. Kipimo hicho hicho ndicho wanachofundishwa wahudumu wa lishe, na hakina gharama.

Tatizo ni kwamba uji wa namna hiyo unaganda. Wanga ukipashwa moto unavimba, unakunywa maji yote, unakuwa gundi, na mtoto ambaye jana alikuwa na maziwa tu hawezi kuumeza. Jibu la haraka ni kuongeza maji, na hapo kazi yote imeharibika. Fundi anatafuta njia nyingine ya kuulainisha.

Njia ya kwanza iko katika kila nyumba ya Maniema, nayo ni mawese. Kijiko kimoja kidogo kina kilokalori kama 40, hulegeza uji bila kuujaza maji, na rangi yake nyekundu ni karotini ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Hutiwa mwishoni, sufuria ikiwa imekwisha kutoka motoni, uji ukageuka rangi ya machweo. Ya pili ni karanga zilizosagwa zikawa laini kabisa, bila punje hata moja, kwa kuwa punje nzima humkaba mtoto. Kwa miaka mingi wazazi wa Ulaya na Marekani waliambiwa wawafiche watoto karanga kwa kuogopa mzio. Mwaka 2015 utafiti wa Gideon Lack na wenzake mjini London ukaonyesha kinyume: watoto walio katika hatari ya mzio waliozoeshwa karanga mapema waliupata mara chache sana kuliko walionyimwa. Habari hiyo haikubadilisha kitu jikoni Kindu, ambako hofu hiyo haikuwahi kuingia.

Njia ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi. Nafaka huloweshwa usiku kucha, hufunikwa kwa kitambaa kibichi siku 2 au 3 mpaka ichipue, huanikwa, huondolewa vimizizi, husagwa. Hicho ni kimea. Unapika uji mzito mpaka uive, unauepua, unauacha upoe kidogo, unakoroga kijiko kimoja cha kimea. Baada ya dakika chache mwiko unaanza kwenda wenyewe. Hakuna tone la maji lililoongezwa; kimeng'enya cha mbegu inayochipua kimekatakata minyororo ya wanga. Unaurudisha motoni uchemke, na kazi imekwisha. Mwaka 1983 Mosha wa Tanzania na Svanberg wa Sweden waliandika juu ya jambo hilo, na baadaye katika kijiji cha Luganga, Iringa, ikaonekana kwamba watoto hupata nguvu nyingi zaidi kwa uji uliolainishwa hivyo. Raha yake ni kwamba Maniema ujuzi huo upo siku zote, ila uko kwa wenye kupika lutuku! Mahindi yanayochipuzwa kwa ajili ya pombe yanafanya kazi ile ile, kwa sababu ile ile, ndani ya pipa. Anayepita nyuma ya nyumba ya mpika lutuku akaomba konzi moja ya kimea kwa ajili ya mtoto hafanyi jambo la aibu hata kidogo.

Bango la kituo cha afya litasema: yai, nyama, samaki. Ni kweli, lakini yai lina bei. Ndakala, wale dagaa wa ziwa Tanganyika, wanafaa zaidi kwa mfuko wa wengi. Huondolewa vichwa, hukaushwa tena juani, hutwangwa, huchekechwa, ikapatikana poda inayoingia kijiko kwa kijiko katika uji na kuacha harufu ambayo baba mwenye nyumba atailalamikia. Msimu wa viwavi nao una hesabu yake. Katika jimbo la zamani la Equateur, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulijaribu unga wa uji wenye viwavi: urefu wa watoto haukubadilika, lakini upungufu wa damu ulipungua. Asali ya msituni pekee ndiyo ingoje mwaka 1 utimie, kwani inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi.

Kisha kulisha. Bibi ana mkono ambao mama kijana bado hana. Mtoto amepakatwa, ameegemea kifua, anatazama mbele, kibakuli kiko upande wa kulia. Kijiko kinakwenda mpaka mdomoni na kusimama. Hakiingii. Kinangoja mdomo uje. Wapo wanaobana pua na kumimina kwa kiganja, na mtoto akimeza hudhani wamemlisha. Huyu bibi hata hawatazami. "Kula, papa," anamwambia mjukuu wa miezi 7, kwa heshima ile ile anayompa mtu mzima. Uji unatemwa. Anaupangusa kidevuni, anaurudisha. Mama kijana anataka kuharakisha kwa kuwa makala, yaani makaa, yanaisha na sokoni anangojwa. "Mama, usimkimbize. Hajamaliza kumeza." Ladha mpya inaweza kukataliwa mara nane au kumi kabla haijakubaliwa, na bibi hahesabu, kesho atajaribu tena papai lilelile lililopondwa, bila kununa.

Uji uliobaki hauwekwi mpaka jioni. Katika mji wa mto ambao kipindupindu kinaufahamu, bakuli lililokaa saa kadhaa kwenye joto ni hatari, hivyo hupikwa kidogo, mara nyingi, na kila upishi unakula makala. Hapa sifa zangu zinagonga ukuta. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017-2018 ulikuta asilimia 42 ya watoto wa Kongo chini ya miaka 5 wamedumaa, na si kwa sababu mama zao hawajui kuinamisha kijiko. Ustadi unafanya kazi juu ya kile kilichomo koponi, na kopo hujazwa na bei ya sokoni, na barabara, na treni inayotoka Kalemie au isiyotoka.

Kufikia miezi 9 uji unaanza kuachwa nyuma. Mchele unapondwa kwa uma badala ya kusagwa, sombe inatengwa kabla pilipili haijaingia, tonge dogo la bukari linachovywa na kuwekwa katika vidole ambavyo sasa vinaweza kushika. Akikaribia mwaka anataka kukaa mkekani na wenzake, na hapo mama mwenye akili humpa sahani yake mwenyewe. Kwenye sinia la pamoja mikono ya kaka zake ni myepesi, samaki huisha kwanza, na hakuna ajuaye mdogo amekula kiasi gani. Kwenye sahani yake, kilichobaki kinaonekana.