Kuhesabu Maiti za Nyuki

Tabora asali na tumbaku hutoka msitu mmoja. Mizinga ya magome hutundikwa kwenye miyombo, na jirani yake, tangu Urambo ilipoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza ikashika tumbaku, mashamba hupigwa dawa. Basi nikisoma lebo inayodai kiuatilifu fulani hakidhuru nyuki, huwakumbuka mafundi wa maabara wa zamani.

Nilipata kumtazama mmoja wao, mzee mstaafu, akichora kwa penseli: huku logi ya dozi, huku vifo vilivyogeuzwa kuwa probiti, kipimo kinachozifanya nukta zifuate mstari mnyoofu, kwa njia aliyoitangaza Chester Bliss mwaka 1934. Hakukimbilia rula. Alianza na nyuki waliopewa maji ya sukari matupu. Tuseme wamekufa 2 kati ya 20, na kwa waliolishwa sumu wamekufa 11 kati ya 20. Mwenye haraka ataandika asilimia 55. “Hao wawili wangekufa tu,” alisema mzee, “dawa usiisingizie.” Kwa kanuni ya Abbott ya 1925, unatoa 10 kwenye 55, unagawa kwa 90 waliobaki: nusu kamili. Na kama wasiolishwa sumu wangekufa zaidi ya hapo, jaribio lote angelitupa. Mwongozo wa shirika la OECD wa 1998 wa kujaribu dawa kwa nyuki nao unaweka mpaka huohuo wa asilimia 10.

Kisha akautazama mwinuko wa mstari, muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Dawa mbili zaweza kuua nusu ya nyuki kwa dozi ileile, lakini yenye mstari uliolala huanza kuua mapema, kwa dozi ndogo ambazo kwazo nyingine bado haijamgusa nyuki. Namba moja haitoshi: hata enzi za misafara, pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila pale Kaze, Tabora ya zamani, lakini bei haikuwa ya uzito peke yake.

Siku hizi programu hutema LD50, yaani dozi inayoua nusu, yenye desimali nne kabla chai haijapoa. Mwinuko mara nyingi hautajwi. Mipaka ya makosa huweza kufichwa kwenye kiambatisho. Na nyuki aliyepimwa mara nyingi ni wa Ulaya, si huyu wetu mkali wa miombo.

Chuo cha Nyuki kipo hapohapo Tabora. Wanaofundisha vijana wetu, tafadhali: wachoreni kwanza mstari kwa mkono, kompyuta ifuate.