Namna ya Kumpima Sprinta

Watazamaji wengi wa mbio za baiskeli hukaza macho zikiwa zimebaki mita 200. Wamechelewa. Kufikia hapo sprinta, mwendeshaji anayelipwa kwa kuchomoka mwishoni, ameshaonyesha karibu yote ya kumpimia. Iliyobaki ni miguu, na miguu wanayo wengi.

Kipimo cha kwanza ni jinsi anavyojipanga: anza kutazama kilomita tatu kabla ya mwisho. Usimhangaikie anayeongoza, maana huyo anapasua upepo na kuwapunguzia kazi walio nyuma yake. Mtafute aliyejibanza nyuma ya gurudumu la mwenziwe, ametulia, kichwa chini, wala hapigi breki ovyo. Timu yenye uwezo humpangia sprinta wake msururu wa wavutaji wanaojitoa mmoja mmoja mpaka abaki peke yake na mstari wa kumalizia. Sprinta Mark Cavendish alipokuwa katika timu ya HTC, mvutaji wake wa mwisho alikuwa Mark Renshaw, na wapo waliobeza kwamba kwa kubebwa vile yeyote angeshinda.

Wabezaji hao watazame mwisho wa hatua (mbio za siku moja) iliyoishia Saint-Vulbas katika Tour de France, tarehe 3 Julai 2024. Cavendish ana miaka 39, msururu wake umevurugika, naye anahama gurudumu hili kwenda lile kama abiria mzoefu wa kituoni, anayejua daladala ipi itaondoka kwanza. Alipochomoka, Jasper Philipsen aliambulia nafasi ya pili. Huo ulikuwa ushindi wa 35 wa Cavendish katika hatua za Tour, mmoja zaidi ya rekodi ya Eddy Merckx. Ule wa kwanza aliupata mwaka 2008.

Kipimo cha pili ni unyoofu wa njia ya sprinta. Akishaanza kuchomoka, je, anashika mstari wake au anambana mwenziwe kwenye vizuizi? Huko Poland mwaka 2020, Dylan Groenewegen aliikata njia ya Fabio Jakobsen kwenye mteremko wa kasi mno. Jakobsen aliumia vibaya, Groenewegen akafungiwa miezi tisa. Ushindi wa kumziba mtu njia mimi siuhesabu, hata waamuzi wakiupitisha.

Kuna pia ule msukumo wa mwisho: mikono inanyooka, mwili unarudi nyuma, baiskeli inatupwa mbele kwenye mstari. Ni jambo dogo linaloamua makubwa. Katika mbio za Milan–San Remo mwaka 2004, Erik Zabel aliinua mikono kushangilia mapema. Óscar Freire akaisukuma baiskeli yake na kumpokonya taji. Marcel Kittel naye alimshinda Edvald Boasson Hagen kwa milimita 6 huko Nuits-Saint-Georges mwaka 2017.

Kipimo ambacho kamera hazikipendi kiko milimani. Misuli mizito ya sprinta ni mzigo kwenye mpando, na asiyefika ndani ya muda uliowekwa huondolewa mashindanoni. Siku ya kwanza ya Tour ile ya 2024, Cavendish aliachwa nyuma mapema, akatapika kwa joto, wenzake wakamsindikiza hadi mwisho wa hatua huko Rimini. Asingeteseka siku ile, ushindi wa Saint-Vulbas usingekuwepo. Mario Cipollini alishinda hatua 12 za Tour, lakini hakuimaliza hata mara moja.

Ukitaka mfano wa sprinta anayestahimili vilima, mtazame Biniam Girmay wa Eritrea. Mwaka 2022 alishinda Gent–Wevelgem, mbio zenye mawe na mipando mikali. Miaka miwili baadaye akashinda hatua tatu za Tour na kutwaa jezi ya kijani ya kinara wa pointi, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo.

Kwa mita 200 tupu, barabara tambarare, ningemchagua Kittel, aliyeshinda hatua 14 za Tour kisha akastaafu mwaka 2019 akiwa na miaka 31. Lakini kwa vipimo vyote vikijumlishwa, sprinta bora ni Cavendish.