Gari la Maboksi Mawili

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri mwili. Kwa muda mrefu niliichukua methali hii kuwa kanuni ya uhakiki. Kila kazi iliyoundwa kwa vipande vya watu wengine, iwe insha, wimbo au kabati la vyombo, niliitazama kwa jicho la shaka na kumwuliza mwenye kazi: chako ni kipi hapa? Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, na baadaye mkuu wa shule, swali hilo liliwatoa jasho vijana wengi. Sasa nimefikia umri wa kuulizwa mimi, na kilichoniuliza ni kigari cha plastiki ambacho urefu wake haufiki shubiri moja.

Kigari chenyewe kiko mezani pangu ninapoandika. Kimetengenezwa na mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na saba, katika jimbo la Michigan huko Marekani, ambako binti yangu anaishi na familia yake, na ambako nilikaa miezi mitatu mwaka 2022. Ni mfano wa gari la Ford la mwaka 1932, la milango miwili, lililopunguzwa kimo cha paa na kutiwa injini isiyo yake. Kijana hakukichonga. Alinunua maboksi mawili ya vipande vya plastiki, akachukua bodi katika boksi moja, injini na magurudumu ya nyuma katika boksi la pili, akakata hapa, akaunganisha kwa gundi pale, na mwisho likatoka gari ambalo halikuchorwa juu ya boksi lolote kati ya hayo mawili. Nataka kulihakiki gari hilo kama nilivyozoea kuhakiki tamthilia darasani, yaani kwa fani na maudhui, wala sitamwonea haya mjukuu wangu.

Kwanza yafaa msomaji ajue ufundi huu umetoka wapi. Michigan ndiko nyumbani kwa viwanda vikubwa vya magari vya Marekani. Katika mji wa Troy, jirani na Detroit, palikuwa na kampuni ya AMT, iliyoanza kwa kutengeneza magari madogo ya kuwasaidia wauzaji kuwaonyesha wateja magari mapya. Mwaka 1958 kampuni hiyo ilianza kuuza magari hayo yakiwa vipande ndani ya boksi, kwa kipimo cha 1 kwa 25, na kila boksi lilibeba chaguo tatu. Mnunuzi aliweza kuunda gari kama lilivyotoka kiwandani, au gari la mashindano, au gari lililorembwa kwa namna ya pekee.

Hapo ndipo penye jambo. Vipande vya boksi vilitosha kuunda gari moja tu, kwa namna moja kati ya hizo tatu. Vipande vya namna nyingine mbili vilibaki bila kazi. Kijana aliyenunua maboksi matano alijikuta ana mkebe uliojaa bampa, rimu na mabomba ya ekzosi. Nani angevitupa? Mkebe ule wa masalio ulikaribisha mchanganyiko. Uhuru wa kuchagua kimoja kati ya vitatu ni sawa na mtihani wa kuweka alama ya vema kwenye jibu sahihi, kwa kuwa majibu yote ameyaandika mtungaji. Anayechovya mkono ndani ya mkebe na kuuliza, "Je, injini hii ingekaaje katika bodi ile?" ameanza kuandika insha.

Wapo watakaosema, kama nilivyosema mimi siku ya kwanza, kwamba ufundi halisi ni ule wa kutengeneza kila kitu kwa mkono. Wana ushahidi mzuri. Katika Marekani hiyohiyo palikuwa na mashindano ya Fisher Body Craftsman's Guild, yaliyodhaminiwa na General Motors kuanzia mwaka 1930 hadi 1968. Mwanzoni vijana walitengeneza mfano mdogo wa gari la farasi la kifalme, na kuanzia mwaka 1937 walibuni magari yao wenyewe kwa kipimo cha 1 kwa 12, kwa mbao au plasta, na washindi walipata fedha za masomo. Baadhi yao walikuja kuwa wachoraji wa magari katika kampuni hiyo. Ninawavulia kofia.

Hata hivyo, ipo mifano ya upande wa pili ambayo haikwepeki. Mafundi waliounda vyombo vya angani vya filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 walinunua maboksi mengi ya vifaru, ndege na magari ya plastiki, wakavunja vipande na kuvibandika juu ya vyombo vyao ili vionekane vizito na vyenye mitambo tele. Watu waliojaa kwenye majumba ya sinema hawakuona kifaru. Waliona merikebu ya anga. Tena kuna kigari kiitwacho Red Baron, ambacho Tom Daniel alikibuni kwa ajili ya kampuni ya Monogram mwishoni mwa miaka ya 1960, kikiwa na paa la umbo la kofia ya chuma ya askari wa Kijerumani. Wakati huo gari kama hilo halikuwapo barabarani. Baadaye fundi mmoja wa Detroit aliunda gari kubwa la kweli kwa kufuata kile kigari cha plastiki, likazungushwa katika maonyesho. Mfano ulitangulia kitu chenyewe! Basi hatuwezi kusema kwamba aliyeanza na vipande vya boksi hana awezalo kuzua.

Nirudi sasa kwenye gari la mjukuu wangu, na nianze na fani.

Paa lake ni zuri. Kupunguza kimo cha paa ni kukata kipande katika nguzo zote za madirisha, kisha kulirudisha paa chini. Kwa Ford ya 1932 kazi hii ina nafuu, maana kioo chake cha mbele kimesimama karibu wima, kwa hiyo paa likishuka linakutana na nguzo zake karibu palepale. Kwa gari kama Mercury ya 1949, ambayo vioo na nguzo zake vimelala, paa likishuka halikutani tena na nguzo, na fundi hulazimika kulikatakata na kulipanua. Kijana amechagua gari analoliweza, wala simlaumu. Amekata milimita tatu tu, ambazo kwa gari halisi ni sentimita saba na nusu. Maungio ameyapiga msasa barabara. Nilipitisha ukucha juu yake na sikuhisi mstari.

Magurudumu ya nyuma yanastahili sifa zaidi. Boksi la pili lilikuwa la kipimo cha 1 kwa 24. Tofauti ya 24 na 25 inaonekana ndogo, lakini gari la urefu wa mita 4.8 huwa sentimita 20 kwa kipimo kimoja na 19.2 kwa kingine. Anayejaribu kuingiza chesisi ya boksi moja chini ya bodi ya jingine hugundua milimita hizo nane kwa fedheha. Mjukuu wangu hakugusa chesisi. Alichukua matairi, yakatokea makubwa kidogo kuliko inavyopasa, akayaweka nyuma, mahali ambapo waundaji wa magari ya aina hii hupenda kuweka matairi makubwa. Kosa la hesabu limegeuka kuwa uamuzi, na uamuzi ndio ninaoutafuta.

Rangi, kwa upande mwingine, imekuwa nzito mno. Imejaza mifereji ya milango hadi mlango unaonekana kama umechorwa kwa penseli. Halafu vipande vinavyong'aa vimezidi. Maboksi haya huja na vipande vilivyopakwa rangi ya fedha, na mng'ao huo unaweza kuondolewa kwa kuviloweka katika jiki, ileile ya kufulia nguo nyeupe. Yeye hakuuondoa hata kwenye kipande kimoja. Gari linameremeta kama duka la sufuria, na jicho halijui litue wapi.

Tukaja kwenye injini, na hapo tulibishana. Injini imekaa wazi, kwa sababu boneti imeondolewa. Nilitazama nikaona hakuna mpira wa maji kutoka kwenye rediata kwenda kwenye injini. Mabomba ya ekzosi nayo yanaishia hewani chini ya sakafu. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hii injini itakunywa wapi maji?"

Akacheka. "Babu, hili si gari la kutembea."

"Najua. Ungelifunika boneti ningenyamaza. Lakini umeiondoa, umeniita nije nione. Ukionyesha injini umetoa ahadi."

Akafikiri kidogo, akasema, "Mpira wa rediata haukuwemo kwenye boksi lolote."

Jibu hilo ndilo kasoro kubwa ya kazi yake, kuliko rangi na mng'ao. Alikuwa na ujasiri wa kutoka boksi la kwanza kwenda la pili, lakini pale maboksi yote mawili yalipoishia, na fikra yake iliishia hapo. Waya mweusi wa redio mbovu ungetosha. Mchanganyaji hodari huanza kwa kujiuliza gari lake linahitaji nini, kisha hutafuta hicho kitu popote kilipo, hata jalalani. Anayeanza kwa kujiuliza amepewa nini atajenga gari la kupendeza lenye kiu.

Kwa upande wa maudhui nampa heko bila kusitasita. Kwa nini Ford ya 1932? Kwa sababu mwaka huo Ford walitoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa la matajiri. Miaka mingi baadaye magari hayo yaliuzwa kwa bei ya kutupa, na vijana wa Marekani, hasa wale wa California baada ya Vita Kuu ya Pili, waliyanunua, wakayavua mabawa na boneti, wakayatia injini na magurudumu ya magari mengine, kisha wakaenda kushindana mbio katika mabonde ya maziwa yaliyokauka. Magari yenyewe halisi, basi, yalikuwa ya mchanganyiko. Anayeunda kigari hiki kwa kufuata karatasi ya maelekezo hatua kwa hatua anaiga umbo lake tu. Mjukuu wangu, kwa kuchanganya maboksi mawili, ameiga pia tabia ya watu walioyaunda. Hapo fani na maudhui vimeshikana mikono.

Ndugu msomaji, ningeweza kukomea hapo, lakini uhakiki usiomgusa mhakiki mwenyewe ni hotuba tu. Katikati ya miaka ya 1980, katika somo la zana za kufundishia, niliwapa wanachuo kazi ya kutengeneza gari la mfano la kuwaonyesha watoto jinsi gurudumu na ekseli vinavyofanya kazi. Mwongozo ulikuwa na mchoro wa gari la katoni. Mwanachuo mmoja alileta gari la mkebe wa samaki, matairi yake kakata kwenye soli za ndala, ekseli ni spoku za baiskeli, sehemu ya mbele ni ya gari la plastiki la mtoto lililovunjika, na ndani mna springi ya saa mbovu. Akaizungusha springi, akaliweka gari sakafuni, likakimbia hadi ukutani. Darasa zima lilipiga makofi. Mimi nilimpa alama 38 kwa mia. Niliandika kwa wino mwekundu kwamba hakufuata maelekezo, na kwamba vitu vyote vilikuwa vya kuokoteza.

Muhula uliofuata nilitoa zoezi lilelile kwa waliofeli. Alileta gari la katoni, limekatwa kwa rula, sawasawa na mchoro. Magurudumu yalikuwa yamegandamana na ekseli, hayakuzunguka hata kidogo. Nilimpa 71.

Mwalimu yule hakupungukiwa na kitu isipokuwa msahihishaji. Mpira wa rediata ambao mjukuu wangu hakuukumbuka, yeye angeutafuta bila kuambiwa, kwa sababu alianza na kile ambacho gari linahitaji. Nami nilimfundisha, kwa namba mbili tu, kwamba salama iko ndani ya boksi. Kisha nikampeleka akawafundishe watoto wa watu. Kila ninapohesabu madarasa aliyoyashika tangu wakati ule, 71 ile inaniuma kuliko ile 38.

Mjukuu wangu alinipa kigari siku niliyofunga mizigo. Bado hakina mpira wa rediata, nami sikuutia, maana kazi ni yake. Aliniomba alama kama nilivyokuwa nikitoa zamani. Nilimpa 64, nikamweleza zilikokwenda 36 nyingine: chache kwa rangi, chache kwa mng'ao, na nyingi kwa ile kiu ya injini. Alinung'unika kidogo. Juzi amenitumia picha ya gari la pili, la maboksi matatu. Nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia. Kati ya rediata na injini kuna waya mweusi.