Kabla ya Spana

Hiace yetu ilipanda kutoka Mombo ikiwa gia ya pili, na kwenye mwinuko karibu na Soni ikakataa kutoka kwenye gia hiyo. Dereva alikanyaga klachi mpaka mwisho, akavuta mkono wa gia kwa nguvu zote. Gari lilipunguza mwendo, injini ikazima, na mkono ule ukabaki palepale kama umechomelewa. Akatoa hukumu: giaboksi imekufa. Konda akaanza kuhesabu nauli za kuturudishia.

Aliyeitwa ni mzee mwenye gereji ya turubai kando ya barabara. Baada ya shikamoo na marahaba, akauliza.

“Imekataa ikiwa inapanda?”

“Inapanda, babu.”

“Na klachi ilikuwaje tangu asubuhi?”

Dereva akakiri kwamba tangu Mombo alikuwa anaikanyaga mara mbili, mara tatu, ndipo gia iingie.

Spana zilibaki kwenye gunia. Mzee alitushusha abiria, akatuomba tusukume gari mbele kidogo tu, konda akaweka mawe nyuma ya matairi. Gari lilipoegemea mawe, mzee akafungua mlango wa dereva, akaushika mkono wa gia kwa vidole viwili, ukatoka. Tulipiga makofi. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, bado anasikiliza.

Nimerudi kwenye dakika ile mara nyingi. Ndani ya giaboksi kama ile, meno ya gia za mbele hukaa yameshikana muda wote. Kinachotembea ni pete yenye meno madogo, inayosukumwa na uma ili kuifunga gia moja na shafti yake. Meno hayo huchongwa kwa mwinamo kidogo, ili yakibebeshwa mzigo yazidi kuvutana, yasichomoke. Gari lililozimika mlimani huning'inia kwenye meno hayo. Giaboksi ile, basi, ilikuwa inashikilia kama ilivyoundwa kushikilia, na dereva alikuwa ameona ugonjwa penye uzima. Mzigo ukihamia kwenye mawe, gia inatoka. Lakini mzigo huohuo ulipaswa kuondoka dereva alipokanyaga klachi, na haukuondoka. Mtuhumiwa akawa amejulikana, na hakuna nati iliyolegezwa.

Mzee hakuishia hapo. Aliondoa mawe, akamwacha konda ashike breki, kisha akamwambia aiachie kidogo. Gari likajongea kwa hiari yake. Hilo nalo lilikuwa swali kwa giaboksi. Fito zinazobeba uma huwekewa pini ndogo za kuzuia gia mbili zisiingie pamoja. Pini zikilika, gia mbili huingia kwa mpigo, shafti hufungana, na gari halisogei hata likisukumwa na kijiji kizima. Hapo asingekuwa na la kufanya ila kufungua, na angefungua.

Kisha, mawe yaliporudishwa, alijilaza chali juu ya gunia, nami nikainama kutazama. Konda alikanyaga klachi polepole. Masta ya chini, inayosukumwa na mafuta ya breki, imefungwa ubavuni mwa nyumba ya klachi, na kijiti chake ndicho husukuma uma wa klachi. Kijiti kilisogea kiasi cha unene wa kucha, kikaanza kurudi, mguu wa konda ungali chini. Mzee akakunja kifuniko cha mpira, mafuta ya breki yakamtiririkia kidoleni. “Raba ya ndani imekwisha,” akasema. Ni kitu kidogo kuliko kizibo cha soda.

Kinachoniuma ni kwamba akili hii haina bei kwenye gereji zetu. Mteja akiona giaboksi imeshushwa, propela shafti imelazwa kando na oili imejaa beseni, analipa bila ubishi kwa sababu ameona jasho. Akiambiwa ni raba, anauliza hela yote hiyo ni ya nini. Ndiyo maana wapo wanaoshusha ili walipwe, na giaboksi nzima hufunguliwa bure, ikarudishwa mahali pake huku klachi bado haiachii.

Mzee alianzia kwenye malori. Kabla Cadillac haijaleta gia zenye sinkronaiza mwaka 1928, dereva alilazimika kulinganisha mwendo wa meno kwa mguu na sikio, na malori mengi yaliendelea hivyo miaka mingi baadaye. Naamini sikio lake lilifunzwa huko.

Raba ililetwa na bodaboda kutoka Lushoto. Ilipofungwa, konda alikanyaga na kushikilia, mzee akatoa upepo mpaka mafuta yakaja bila povu. Dereva akawasha, akataka kutia gia ya kwanza tuondoke.

“Tia rivasi kwanza,” mzee akamzuia. Rivasi ya gari lile haina sinkronaiza. Klachi ikishikilia hata kidogo, meno hulia.

Ikaingia kimya.

“Toa. Tia tena.”

Abiria tulikuwa tumeshapanda, na mzee alikuwa bado ameweka kiganja ubavuni mwa gari, macho ameyafumba.